Mmumunye Unaotambaa Bila Kuzaa

Mkulima wa Pwani akiona mmumunye wake umefunika ua mzima kwa majani mapana lakini hauna hata tunda, hukimbilia duka la pembejeo kuongeza yurea. Hapo ndipo anapozidi kuuharibu. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na naitrojeni ikizidi, mmea hurefuka tu na kuchelewa kutoa maua ya kike.

Siku hizi wengi wanalijua tunda hili likishakauka na kuwa kibuyu, ilhali likiwa changa, kwa tui la nazi, ni mboga isiyo na mfano. Nalo halina makuu. Tatizo ni mchanga wetu, ambao hauzuii virutubisho: mvua moja kubwa huvipeleka chini kusikofikiwa na mizizi. Kwa hiyo tegemea samadi kwanza. Chimba shimo la sentimita 45, changanya nusu debe ya samadi iliyooza na udongo wa juu, kisha panda. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche. Ukiwa na mbolea ya DAP, tia vizibo viwili vya soda chini, vifunike kwa udongo kabla ya mbegu. Fosforasi yake haisogei, hivyo iwe jirani na mizizi tangu mwanzo.

Mbolea ya kukuzia ni CAN, kidogo kidogo: vizibo viwili (takriban gramu 10) mmea ukianza kutambaa, na viwili tena maua yakitokea. Izungushie sentimita 15 kutoka shinani, ufukie, umwagilie.

Kisha toka jioni ukayatazame maua, maana ndipo yanapofunguka, meupe, yakingoja nondo. Dume lina kikonyo kitupu. Jike limebeba kimumunye chenye vinyweleo. Ukiona madume matupu kwa muda mrefu, weka mbolea kando, ukate ncha ya mmea. Majike hutoka zaidi kwenye matawi ya pembeni.

Matunda yakishika, kinachotakiwa ni potashi. Majani ya chini yakikauka kingo, huenda imepungua. Gao la jivu la kuni kuzunguka shina husaidia. Lakini usilichanganye na yurea wala SA (salfeti ya amonia), kwani naitrojeni itapotea hewani.

Vuna ukucha ungali unapenya ganda. Lililo chungu litupe: uchungu ule ni sumu, na hausababishwi na mbolea.