Anayetumikishwa Asihesabiwe Mhalifu

Barabara itokayo Holili na ile ishukayo Rombo kutoka Tarakea hukutana Himo, na hapo msafiri huchagua: kupanda kuja Moshi, au kuteremka Mwanga na Same hadi Dar es Salaam. Kwa miaka mingi wasomaji wetu wamezoea habari za vijana wa Ethiopia waliokamatwa katika njia hizo, wengine wakiwa wamefichwa ndani ya malori, safari yao ikiwa ni ya Afrika Kusini. Habari zenyewe huishia pale pale: wamefikishwa mahakamani, wamekiri kuingia nchini bila kibali, wamehukumiwa, na baada ya kifungo watarudishwa kwao. Basi.

Hatuandiki haya kuwalaumu askari wa mpakani wala mahakimu. Kila nchi inayo haki ya kujua nani anaingia mlangoni mwake, na wengi wa vijana hao kwa kweli walilipa fedha ili wavushwe kwa hiari yao. Lakini si wote. Yupo aliyeahidiwa kazi ya halali akajikuta mali ya mtu. Yupo aliyeanza safari kwa hiari, kisha njiani akafungiwa ndani na kupigwa mpaka ndugu zake watume fedha. Huyu na yule aliyelipa nauli ya magendo hupanda lori moja, hukamatwa saa moja, na husomewa shitaka moja. Hapo ndipo tunapoona kasoro.

Wala kasoro hiyo haitokani na ukosefu wa sheria. Tanzania iliridhia mwaka 2006 Itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000 juu ya usafirishaji haramu wa binadamu, itifaki inayozitaka nchi zifikirie kuwaruhusu walionusurika wabaki nchini kwa muda au daima, na kwamba wakirudishwa kwao usalama wao uangaliwe. Bunge letu likatunga Sheria Na. 6 ya mwaka 2008. Chini ya sheria hiyo mgeni aliyenusurika anaweza kuruhusiwa kubaki hapa kwa muda, ikibainika kwamba akirudishwa kwao atapata mateso au kulipiziwa kisasi. Mlango huo umewekwa. Lakini haufunguki kwa mtu ambaye hakuna aliyemwuliza alifikaje hapa.

Tena liko jambo la manufaa yetu wenyewe. Dalali aliyewakusanya vijana wale, mwenye lori, na mwenye nyumba walimofichwa, hao ndio wahalifu. Ni nani atakayewataja mbele ya hakimu? Ni yule yule tunayemfunga na kumwondosha nchini. Kumrudisha shahidi kwao kabla hajasema neno ni kumfanyia dalali hisani ambayo hakuiomba.

Na sisi tunao watoto wetu ughaibuni. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania katika Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuwahoji wanawake 50 waliofanya kazi huko. Walieleza habari za pasi kushikwa na waajiri, mishahara kukatwa au kutolipwa kabisa, na kazi za kutwa na usiku. Chini ya utaratibu wa kafala kibali cha mfanyakazi kilikuwa mikononi mwa mwajiri wake. Akitoka nyumba ile bila ruhusa, hata akiwa anakimbia kipigo, aliweza kushitakiwa kwamba ametoroka. Wazazi wa Tanzania waliposikia hayo walikasirika, na walikuwa na haki. Binti aliyeibiwa jasho lake ndiye aliyeitwa mtoro!

Marekani nayo ina funzo, na funzo lenyewe linatuhusu kwa aibu. Mwanamke mmoja wa Kitanzania alidai kwamba alitumikishwa takriban miaka minne bila mshahara katika nyumba ya mwanadiplomasia wetu karibu na Washington, na mwaka 2008 mahakama ya huko ikaamuru alipwe fidia inayozidi dola milioni 1. Mwishoni mwa mwaka huo huo nchi ile ilitunga sheria inayomruhusu mtumishi wa mwanadiplomasia kubaki na kufanya kazi wakati kesi yake ikiendelea. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2000, ilikwisha kuweka viza maalumu kwa walionusurika, isiyozidi watu 5,000 kwa mwaka. Idadi hiyo ni ndogo kwa nchi kubwa kama ile, na masharti yake ni mazito. Hata hivyo msingi wake ni sawa, kwamba kosa la kibali lisitangulie kosa la utumwa.

Tunayoyaomba kwa ajili ya binti zetu Muscat, basi, hatuna budi kuyatenda hapa Himo. Kabla mgeni hajasomewa shitaka la uhamiaji, aulizwe kwa faragha, mbali na wenzake aliokamatwa nao, kwani miongoni mwao huenda yumo mtu wa dalali. Aulizwe ni nani anayeshika pasi yake, nani anamdai, na nini kitampata akirudi. Aulizwe kwa lugha anayoielewa. Wengi wa vijana hao hutoka kusini mwa Ethiopia, na Kiswahili cha mahakamani ni kelele tupu masikioni mwao. Wenye dhamana mkoani waanze na hilo la mkalimani wa Kiamhara na Kihadiya. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha kifungo cha mwaka mmoja.