Steringi Hafi: Watu Wanavyozungumzia Picha Walizotazama

Maoni juu ya filamu huanza na kusimulia. Mtu aliyetazama picha jana usiku, akikutana na mwenzake asubuhi kituoni wakisubiri daladala, haanzi kwa kupima uigizaji wala upigaji picha. Huanza na "basi yule jamaa akaingia chumbani", na kabla hajafika katikati ya kisa amekwisha kutoa hukumu. Kipande anachokirefusha ndicho kilichomgusa. Kile anachokiruka kwa "wakazozana pale, ikaisha" ndicho kilichomchosha. Akinyanyuka na kukunja vidole viwe bastola, ameisifu picha hiyo kuliko ambavyo angeisifu kwa vivumishi kumi.

Vivumishi navyo vipo. Picha ni kali, imetulia, au inaboa. Mhusika mkuu ni steringi, neno lililotokana na matangazo ya Kiingereza ya kutaja nyota wa filamu na ambalo watu wa Tanzania na Kenya wamelifanya lao. Anayepambana naye ni adui, hata kama kwenye hadithi ni mjomba wake. Kutokana na maneno hayo mawili ikazaliwa kanuni inayojulikana na kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video: steringi hafi. Risasi zitapita, jengo litaanguka, yeye atatoka anapangusa vumbi. Kanuni hiyo inachukuliwa kama mzaha, lakini ni uhakiki kamili, kwa sababu inaeleza jinsi filamu za mapigano zinavyojengwa na inampa mtazamaji kipimo cha kujua lini picha imekwenda kinyume na matarajio yake.

Titanic, filamu ya James Cameron ya mwaka 1997, ilikwenda kinyume. Jack, ambaye ndiye steringi, anakufa kwa baridi ya bahari huku Rose akiwa juu ya kipande cha mbao, na tangu hapo watazamaji wa dunia nzima wamebishana kama ubao ule usingewatosha wote wawili. Ubishi ulikuwa mkali kiasi kwamba mwongozaji mwenyewe aliufanyia majaribio kwa ubao wa mfano na waigizaji wa matukio ya hatari ndani ya maji baridi, yakaonyeshwa katika kipindi cha televisheni mwaka 2023. Yakatokea mazingira ambayo Jack huenda angepona. Ni mara chache wabishi wa vijiweni hujibiwa kwa heshima ya namna hiyo.

Hata hivyo, ubishi wenye uzito zaidi ni ule unaotoka kwenye filamu ukaingia nyumbani kwa mtazamaji. Katika miaka ya 1950 kumbi za sinema za Unguja na Dar es Salaam zilijaa watu waliokwenda kutazama Awara, filamu ya Kihindi ya mwaka 1951 iliyoongozwa na Raj Kapoor, ambaye pia ndiye steringi. Hakimu mmoja anaamini kwamba mwana wa mwizi lazima awe mwizi, na kwa imani hiyo anamfunga mtu asiye na hatia. Mtu huyo anatoka gerezani akiwa jambazi kweli, anamteka mke wa hakimu, kisha anamwachia. Hakimu anaitilia shaka mimba ya mkewe na kumfukuza. Mtoto anakulia kwenye dhiki, analelewa na jambazi yuleyule, anakuwa mwizi. Mwishoni anasimama mahakamani mbele ya baba asiyemjua.

Kwa Waswahili hiyo haikuwa hadithi ya mbali. Methali ya kwamba mwana wa nyoka ni nyoka ilikuwa imezungumzwa vibarazani miaka mingi kabla ya Awara, na hapa ilikuwa inashtakiwa waziwazi. Anayeikubali methali alilazimika kueleza imekuwaje damu ya hakimu ikazaa mwizi. Anayeipinga alilazimika kusema ni nani basi aliyemharibu mtoto, jambazi aliyemlea au baba aliyemtupa. Wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi, na hilo liliongeza mazungumzo badala ya kuyapunguza, maana kila mmoja alikuwa na kipande ambacho mwenzake hakukielewa. Jambo moja la pembeni linafaa kukumbukwa: aliyeigiza kama hakimu ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj.

Video zilipoenea mitaani, maoni hayakusubiri tena picha iishe. Kwenye vibanda vya video, ambavyo wengine wameviita vibanda umiza, akatokea msimulizi anayezungumza juu ya picha yenyewe, akitafsiri mazungumzo, akiwapa wahusika majina ya utani, akimuonya steringi na kumzomea adui. Tanzania jina lililovuma ni Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye miongoni mwa filamu alizozisimulia kwa Kiswahili ni hiyohiyo Titanic. Kenya, DJ Afro alipata umaarufu kwa kusimulia picha za mapigano kwa Kiswahili cha mitaani kilichochanganyika na Sheng. Uganda kazi hiyo ni ya wale wanaoitwa ma-VJ, na huko imekwenda hatua moja mbele: filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. mtaani Wakaliga, Kampala, ilijulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, anayewasifu wahusika, kuwacheka na kutangaza kwamba mapigano yanakaribia. Mtazamaji anaona filamu na kusikia maoni juu ya filamu kwa wakati mmoja. Japani ya zama za sinema bubu ilikuwa na wasimulizi wa aina hiyo, walioitwa benshi, na baadhi yao walivuta watu ukumbini kuliko waigizaji. Filamu zenye sauti ziliwanyang'anya kazi katika miaka ya 1930. Kwenye vibanda vya Afrika Mashariki ilikuwa kinyume chake: sauti ilikuwapo tangu mwanzo, ila ilikuwa ya lugha ngeni, na hapo ndipo msimulizi alipopata nafasi.

Filamu iliyotokana na kitabu huleta mgawanyiko wa aina nyingine. Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilitengenezwa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Aliyeisoma riwaya huingia ukumbini na Yasmin wake na Denge wake kichwani, na Zanzibar yake ya miaka ya 1950. Huhesabu vilivyoachwa, na vilivyoachwa ni vingi, kwa kuwa saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima. Asiyeisoma huona vichochoro, mwanga na nyuso, na mara nyingi ndiye anayeitazama filamu kwa haki zaidi. Msomaji anayelalamika kwamba kitabu kilikuwa kizuri zaidi huwa hajaizungumzia filamu bado. Amezungumzia kumbukumbu yake ya kitabu.

Siku hizi maoni hufupishwa kuwa namba, na namba hizo husomwa vibaya. Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, hutoa asilimia ambayo wengi huidhania kuwa alama za mtihani. Sivyo. Asilimia 90 maana yake wahakiki 9 kati ya kila 10 wameiona filamu inafaa, hata kama kila mmoja wao ameiona inafaa kidogo tu. Picha isiyomkera mtu inaweza kupata asilimia kubwa kuliko ile iliyowafanya nusu ya watazamaji walie na nusu waondoke. IMDb hufanya vingine: huwaachia watazamaji wa kawaida watoe alama kati ya 1 na 10, kisha hukokotoa wastani wenye mizani yake. Namba hizo mbili hazilinganishwi, ingawa hulinganishwa kila siku.

Linabaki suala la adabu, nalo ni la kumaliza utamu. Anayesimulia mwisho wa picha mbele ya watu ambao hawajaitazama amemwaga mtama penye kuku wengi, na hata rafiki humkasirikia. Kwa hiyo msimulizi mzuri wa kituoni huuliza kwanza nani ameiona, au husimamia pale mlango unapofunguliwa na kusema mengine mkatazame wenyewe. Lakini utamu hauishi kila mara kwa kujua mwisho. Aliyekuwa ameona picha za Kihindi mbili tatu alijua kwamba Awara haiwezi kuisha kabla baba na mwana hawajatambuana, akakata tiketi. Na waliokwenda kuitazama Titanic walijua tangu mlangoni kwamba meli itazama. Iliandikwa magazetini Aprili 1912.