Senti 20 za Tolkien

Bandugu, siye wenye tulisoma na fotokopi za silabusi tunajua shida ya bei ya vitabu. Kule Marekani na Uingereza, mara mingi riwaya mupya ya maajabu inatokaka kwanza na jalada ngumu, bei kali. Kisha karibu mwaka moja njo inarudi na jalada ya karatasi, bei chini. Mwenye haraka analipa mingi, wengine wanangoya.

Mu 1965 huko Marekani, The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien ilikuwa ingali ya jalada ngumu tu. Ace Books wakaona kama sheria ya kule haikulinda muzuri haki ya mwandikaji, wakachapa ya kwao, senti 75 kila buku, bila ruhusa na bila kumulipa. Mwaka ule ule Ballantine wakatosha ile yenye ruhusa: senti 95. Kwa mwanafunzi, senti 20 haikuwa kitu kidogo, mi naelewa.

Tolkien alipigana na kalamu. Kila musomaji wa Marekani mwenye alimuandikia, alimujibu kama Ace hawana ruhusa yake. Nyuma ya jalada ya Ballantine akaomba wenye kuheshimia waandikaji wangali wazima wanunue hii, si ingine. Wasomaji wakapelekeana habari, kelele ikapanda, mpaka Ace wakamulipa na kuacha kuchapa.

Silabusi yangu ya udongo ningali nayo. Mwenye aliiandika, sijue kama alikulaka hata franga moja.