Nyaatha wa Gikondi na moyo uliovunjika

Mwanafunzi aliyeanguka mtihani huambiwa na mwalimu wake asivunjike moyo. Katika lugha yetu ya kila siku, kuvunjika moyo ni kukata tamaa, basi. Lakini msomaji wa Zaburi ya 51 hukuta moyo huo huo uliovunjika ukitolewa kwa Mungu kama sadaka asiyoidharau. Maneno ni mamoja, maana zimepishana, na nadhani wahubiri wetu wengi hawajautambua mpishano huo. Mmoja humwambia aliyefiwa kwamba amepungukiwa na imani. Mwingine humtaka ashukuru, kwa kuwa mateso ni baraka. Kauli zote mbili ni za kikatili, na wanafunzi wetu yatima wamezisikia mara nyingi mno.

Anayeitafuta maana ile ya Zaburi na aende Gikondi, huko Mukurweini. Hapo ndipo alipofanya kazi Sista Irene Stefani wa shirika la Konsolata, mzaliwa wa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891. Alifika Kenya Januari 1915, wakati Waingereza na Wajerumani wakipigana Afrika Mashariki kwa migongo ya Waafrika. Wapagazi walikusanywa kutoka vijijini, wengi wao kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na vyakula hadi makumi ya maelfu wakafa, hasa kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilitafunwa na ndimi zetu likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. (Ni wangapi kati ya wanaonunua samaki katika masoko hayo wanaojua kwamba wanalitaja jina la marehemu?) Sista Irene aliwauguza wapagazi hao katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Yasimuliwa kwamba huko Kilwa alimtoa mtu aliye hai bado katika maiti zilizolazwa ufukweni.

Sisemi kwamba vita ndivyo vilivyomtakasa. Vita hivyo hivyo viliwafanya wengine walevi na wengine makatili. Mateso hayana ualimu ndani yake. Anayeteseka peke yake, bila mtu wa kumshika mkono, aghalabu hutoka akiwa mgumu kuliko alivyoingia. Ninachokiona kwa mtawa huyu ni kwamba alikubali maumivu ya wengine yamvunje, asijikinge nayo kwa mafundisho.

Alipohamia Gikondi mwaka 1920, alifundisha kusoma na kuandika, akazunguka vilimani kwa miguu kuwatembelea wagonjwa. Akina mama ambao wana wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mijini walimwendea awaandikie barua, na majibu yalipokuja aliwasomea. Kwangu mimi mwalimu wa lugha, huo ni ushuhuda wenye nguvu kupita hotuba nyingi za mimbarani: kukopesha mkono wako uandike uchungu wa mwenzako kwa maneno yake mwenyewe.

Wenyeji wakampa jina la Nyaatha. Ndani ya jina hilo mna neno la Kikikuyu *tha*, yaani huruma. Hakujipachika; jina la aina hiyo hupewa mtu na wale waliomchunguza kwa muda mrefu.

Mwaka 1930 tauni iliingia eneo hilo. Sista Irene alimuuguza mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa ameshikwa nayo, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 39. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, katika ibada iliyoongozwa na Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Muujiza uliokubaliwa ulihusu watu waliozingirwa na vita ndani ya kanisa la Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989, ambao maji machache ya kisima cha ubatizo yaliwatosha. Vitabu vya Kanisa vinamwita Irene. Wazee wa Gikondi wameendelea kumwita Nyaatha.