Goti haliumi tena, lakini subiri kwanza: Kwa nini aliyechanika ACL anaambiwa miezi 9

Virgil van Dijk aliumia goti Oktoba 17, 2020, Liverpool ilipocheza na Everton. Akafanyiwa upasuaji. Mei 2021 Euro ilikuwa inakaribia na yeye ndiye nahodha wa Uholanzi, lakini akatangaza kwamba haendi. Alirudi kwenye ligi Agosti 14, 2021 dhidi ya Norwich, karibu miezi 10 tangu aumie.

Kwa mchezaji wa mtaani mambo huwa tofauti. Mwezi wa sita uvimbe umeisha, goti haliumi, anakimbia vizuri tu, na Jumapili kuna fainali. "Kocha niweke, niko fiti."

Tafiti zinaonyesha kwamba hapo ndipo wengi wanapoumia tena.

Kinachochanika ni nini?

ACL ni kano iliyo ndani ya goti. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na goti lisijipinde kupita kiasi. Mara nyingi inachanika bila mchezaji kuguswa na mtu: amegeuka ghafla, au ametua vibaya baada ya kuruka.

Wapo wanaopona kwa mazoezi bila kupasuliwa. Kwa wengine, daktari huchukua kipande cha kano sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa, mara nyingi nyuma ya paja au mbele ya goti, na kukipandikiza mahali pa ile iliyochanika.

Kipande hicho hakianzi kazi siku ya kwanza. Kimekatwa kutoka kwenye mishipa yake ya damu, kwa hiyo hudhoofika kwanza, kisha mishipa mipya inaota na kano inajijenga upya taratibu. Hilo huchukua miezi mingi, na maumivu huisha mapema zaidi. Ndiyo maana goti lisilouma si lazima liwe limepona.

Miezi 9 imetoka wapi?

Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 106 waliowafuatilia kwa miaka miwili baada ya upasuaji wa ACL. Kwa kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa 9, uwezekano wa kuumia goti tena ulipungua kwa asilimia 51. Baada ya mwezi wa 9, kuchelewa zaidi hakukuongeza faida.

Lakini kalenda peke yake haitoshi. Watafiti hao waliwapima pia nguvu ya misuli ya mbele ya paja na uwezo wa kuruka kwa mguu mmoja. Ili ufaulu, mguu uliopasuliwa lazima ufikie angalau asilimia 90 ya ule mzima.

Kati ya waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38.2 waliumia tena. Kwa waliofaulu, ilikuwa asilimia 5.6. Waliofaulu walikuwa wachache, 18 tu, lakini tofauti ni kubwa.

Mwaka huohuo, utafiti uliofanyika Qatar kwa wanamichezo 158 wa kulipwa ulionyesha jambo linalofanana: waliorudi bila kutimiza vigezo sita vya kuruhusiwa walikuwa na hatari mara nne ya kuchanika tena.

Vipimo vinafanyikaje?

Hospitali kubwa zina mashine za kupima nguvu ya misuli. Kipimo cha kuruka kinahitaji futi kamba tu. Unaruka mbele kwa mguu mmoja, unatua kwa mguu huohuo bila kuyumba, umbali unapimwa. Kisha mguu wa pili.

Mfano: mguu mzima umefika sentimita 150, uliopasuliwa sentimita 120. Hiyo ni asilimia 80. Bado. Ukifika 135, ndiyo asilimia 90.

Usijipime mwenyewe kabla mtaalamu wa fiziotherapia hajakuruhusu kuruka. Na kuna mtego: ukikaa miezi bila kucheza, mguu mzima nao unapungua nguvu. Miguu inaweza kulingana kwa sababu yote imedhoofika. Ndiyo maana ni vizuri kupimwa kabla ya upasuaji, ili kuwe na namba ya kulinganisha.

Vipi kuhusu woga?

Uchambuzi wa mwaka 2014, uliokusanya tafiti 69, uliona kwamba asilimia 81 ya waliofanyiwa upasuaji walirudi kucheza kwa namna fulani, lakini ni asilimia 55 tu waliorudi kwenye mashindano. Woga wa kuumia tena ni moja ya sababu.

Kwa hiyo mchezaji anayesita kuingia kwenye mpira wa kugombania haitaji kuchekwa. Anahitaji kurudishwa hatua kwa hatua: kukimbia mstari ulionyooka, kukata kona, mazoezi na wenzake, dakika chache za mechi, kisha mechi nzima.

Kwa kocha, swali la kumuuliza mchezaji si "unaumwa?" Muulize: umefikisha miezi mingapi, na vipimo vyako vinasemaje? Kama hana majibu ya yote mawili, fainali ya Jumapili aiangalie akiwa benchi.