Pombe na Bipola: Mgonjwa Mmoja, Magonjwa Mawili



Pengine kijana wako hukesha siku nne mfululizo. Anaongea mbio mbio, anagawa pesa, anasema atanunua matatu ilhali mfukoni hana kitu. Baada ya majuma machache anajifungia chumbani, hataki chakula, anasema afadhali afe. Tena anakunywa chang'aa, anavuta bangi au anatafuna miraa. Majirani wanasema ni ulevi. Wengine wanasema amerogwa.

Mama, huenda huo ni ugonjwa wa bipola, ambao hupandisha na kushusha hisia kupita kiasi. Si laana, wala si malezi mabaya. Wagonjwa wengi hutumia vileo kutafuta usingizi au kutuliza mawazo. Lakini pombe huzidisha huzuni, bangi huweza kumfanya asikie sauti, nayo miraa hufukuza usingizi. Kukosa usingizi huamsha ugonjwa upya.

Kwa hivyo usingoje aache pombe kwanza ndipo atibiwe akili. Magonjwa yote mawili yatibiwe pamoja.

Kwanza, usifiche. Mama mmoja aliniambia, "Sista, chang'aa sikuitaja, niliona aibu." Taja kila anachotumia, na pia zile siku za kukesha. Daktari akisikia huzuni peke yake, anaweza kumpa dawa ya huzuni ambayo itampandisha zaidi.

Pili, asiache dawa kwa sababu amepata nafuu. Akitumia lithiamu, apimwe damu kila anapoagizwa na anywe maji ya kutosha. Akihara, akitapika au akitetemeka sana, mkimbize hospitali.

Tatu, anayekunywa sana kila siku msimkatize pombe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege na kufa. Aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.

Nne, akitaja kujiua, usimwache peke yake. Ondoa sumu ya panya, dawa za shamba na kamba, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa ushauri kuhusu ulevi, piga 1192, nambari ya NACADA isiyolipishwa.

Akirudia chupa, usimfukuze. Mrudishe kliniki, kwa maana kurudia ni sehemu ya ugonjwa. Nawe mama, tafuta wa kukupokea zamu, upumzike.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.