Juni ya Bajeti na Januari ya Uchakavu

Mnunuzi wa gari nchini Tanzania anaposikia kwamba kodi za magari zinakaribia kubadilika, hujiuliza kama aharakishe au asubiri, na mara nyingi huanzia hesabu yake kwenye siku aliyotuma fedha kwa muuzaji, ilhali siku hiyo haina uzito wowote mbele ya sheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayoongoza bandari za nchi wanachama, inafuata kiwango cha ushuru kinachotumika wakati bidhaa inapoingizwa kwa matumizi ya ndani, yaani wakati wakala wa forodha anapowasilisha tamko rasmi la kulitoa gari ili litumike nchini. Tamko likiwasilishwa mapema, meli ikiwa bado baharini, kinachohesabiwa ni siku meli inapofika bandarini. Kwa hiyo siku ya mnada huko Japani, siku ya kulipa na siku ya kupakia gari melini zote ni siku za biashara, lakini si siku za kodi.

Tofauti hiyo ina maana kubwa zaidi kwa mnunuzi aliye mbali na bandari. Kidahwe ni njiapanda ambako barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika, tawi moja likielekea Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, na jingine likishika njia ya Uvinza na Tabora, na mfanyabiashara wa mawese au wa dagaa wa Ziwa Tanganyika anayeishi hapo huagiza gari lake kwa simu, hulipa kupitia benki, kisha hutegemea wakala aliyeko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka kwake, kwa kila hatua inayobaki. Habari za bajeti humfikia saa ileile zinapomfikia mkazi wa Kariakoo, kwa redio au kwa simu, lakini uwezo wa kufanya jambo kuhusu habari hizo haumfikii kwa kasi hiyo.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na Waziri wa Fedha husoma hotuba ya bajeti bungeni Dodoma katikati ya Juni; mwaka 2024 ilisomwa tarehe 13, na mwaka 2025 tarehe 12. Baada ya mjadala, Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, ambayo ndiyo hubadilisha viwango vya kodi za ndani kama ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani, huku mabadiliko ya ushuru wa forodha, ambao ni wa pamoja kwa Jumuiya nzima, yakitangazwa katika gazeti rasmi la Jumuiya. Kati ya hotuba na tarehe ya kuanza kutumika kwa viwango vipya hubaki takriban siku 18, ilhali meli ya magari kutoka Japani hutumia wiki nne hadi sita kufika Dar es Salaam. Anayeagiza gari baada ya kusikiliza hotuba amekwisha kuchelewa. Anayeweza kukimbizana na Julai ni yule ambaye gari lake limeshateremshwa bandarini, au limehifadhiwa katika ghala la dhamana ya forodha, ambalo ni ghala lililoidhinishwa kutunza bidhaa ambazo kodi yake haijalipwa, na kwa kawaida huyo ni mwenye yadi ya Dar es Salaam, si mkulima wa michikichi wa Kigoma Vijijini. Faida ya kuwahi, kama ipo, humwendea mwenye yadi, naye halazimiki kuishusha kwa mteja.

Upande wa pili, yule anayetarajia kodi kupungua na kuamua kuliacha gari bandarini hadi Julai ana ukuta wake. Sheria hiyohiyo ya forodha inataka tamko la bidhaa liwasilishwe ndani ya siku 21 tangu kazi ya kuteremsha shehena ianze, na gari lililopitisha muda huo huweza kuhamishiwa katika ghala la forodha, gharama za kuhifadhi zikiendelea kuhesabika na mwishowe mnada ukinyemelea. Punguzo la asilimia chache linaweza kumezwa na gharama hizo kabla halijaanza kutumika.

Pia si kila kodi inayosomwa huwa sheria. Nchini Kenya, Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000 za Kenya, na pendekezo hilo liliondolewa tarehe 18 Juni, siku chache kabla ya muswada mzima kukataliwa na Rais William Ruto kufuatia maandamano ya vijana. Aliyeuza gari lake kwa kuiogopa kodi hiyo aliuza kwa sababu ya karatasi.

Mabadiliko yaliyogusa mifuko ya wenye magari wa Tanzania kwa kina zaidi hayakuwa ya kiwango cha kuingizia gari. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2017, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, alifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, akapandisha ada inayolipwa mara moja gari linaposajiliwa kutoka shilingi 150,000, 200,000 na 250,000 hadi 200,000, 250,000 na 300,000 kulingana na ukubwa wa injini, kisha akaongeza shilingi 40 katika ushuru wa bidhaa wa kila lita ya mafuta. Aliyesajili gari Juni badala ya Julai mwaka huo aliokoa shilingi 50,000 za ada ya usajili, na huenda alijipongeza, lakini mzigo wenyewe ulikuwa umehamia kwenye pampu, ambako tarehe ya kununua gari haimsaidii mtu. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na mwaka 2023 zikaongezwa nyingine 100. Gari linalokwenda kilomita 20,000 kwa mwaka na kutumia lita moja kwa kila kilomita 10 huhitaji lita 2,000, na kwa lita hizo nyongeza tatu zikijumlishwa hufikia shilingi 480,000 kila mwaka, kiasi kinachozidi ada yoyote ya leseni iliyofutwa. Kwa mtu wa Kidahwe, anayekwenda mjini kwa mahitaji na Kasulu kwa biashara, na ambaye mafuta humfikia yakiwa yameshabeba gharama ya usafiri kutoka pwani, injini ndogo ina thamani ya kikodi kubwa kuliko mbio zozote za Juni.

Ipo hata hivyo tarehe moja ambayo mnunuzi wa mbali anaweza kujipanga nayo, kwa kuwa haitegemei hotuba ya waziri wala kura ya wabunge, nayo ni tarehe 1 Januari. Tanzania, tofauti na Kenya inayokataa kabisa kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, huyaruhusu magari ya zamani lakini huyatoza ushuru wa bidhaa wa ziada, unaofahamika kwa wengi kama ushuru wa uchakavu. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30, huku magari ya kazi, mathalani ya mizigo, yaliyozidi miaka 10 yakitozwa asilimia 5 tu. Umri huo huhesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo magari yote ya mwaka mmoja huzeeka kwa pamoja usiku wa mwaka mpya, hata kama moja lilitoka kiwandani Januari na jingine Desemba. Gari la mwaka 2018 lilihesabiwa kuwa la miaka 7 katika mwaka wote wa 2025, na likawa la miaka 8 mara tu mwaka 2026 ulipoingia.

Uzito wa hatua hiyo huonekana vizuri kwa mfano wa gari la injini ya sentimita za ujazo 1,490 ambalo thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandarini, ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 2,500,000, na jumla ya thamani na ushuru huo, yaani 12,500,000, ndiyo msingi wa kukokotolea ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini kati ya 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, sawa na shilingi 625,000. Tozo ndogondogo zikiwekwa kando, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla yote, na gari lisilo na uchakavu hulipiwa kodi za shilingi 5,487,500. Gari hilohilo likivuka kizingiti cha miaka 8, asilimia 15 ya uchakavu huongeza shilingi 1,875,000, na kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani hutozwa hata juu ya ushuru huo, ongezeko halisi huwa shilingi 2,212,500, na jumla hufika 7,700,000. Likivuka kizingiti cha pili hufika 9,912,500, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Ni nadra kwa hotuba ya bajeti kumwongezea mwenye gari la aina hii zaidi ya milioni mbili kwa mkupuo, lakini kalenda hufanya hivyo kila mwaka bila mjadala.

Mtego wa kawaida hapa umo katika matangazo ya wauzaji, ambayo mara nyingi hutaja mwaka gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza Japani, wakati mwaka unaotazamwa na forodha ni wa kutengenezwa. Gari lililoundwa mwishoni mwa 2017 na kusajiliwa mapema 2018 litatangazwa kuwa la 2018, na mnunuzi aliyepiga hesabu kwa mwaka huo hugundua kizingiti akiwa ameshalipa. Namba ya chesisi humwezesha wakala kuthibitisha mwaka halisi kabla fedha hazijatumwa.

Kuna pia thamani ya shilingi dhidi ya dola, ambayo haimo katika sheria yoyote ya kodi lakini hufanya kazi kama kodi, kwa kuwa asilimia zote zilizotajwa hukokotolewa juu ya thamani iliyobadilishwa kutoka fedha za kigeni. Katika mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700, kisha shilingi ikaimarika hadi karibu 2,400 kufikia mwisho wa mwaka. Tofauti hiyo, inayozidi asilimia 10, iligusa bei ya gari na kodi yake kwa pamoja, na haikutangazwa siku yoyote.

Katika nchi nyingine, ambako magari mapya husubiri kwenye maduka, kukimbizana na tarehe ya kodi huwezekana kweli. Marekani ilipoondoa nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa magari ya umeme baada ya tarehe 30 Septemba 2025, wanunuzi walifurika katika miezi ya mwisho na mauzo yakaanguka mwezi uliofuata. Mkoani Kigoma soko linalofanana na hilo kwa karibu ni la magari yaliyokwisha sajiliwa, yale ya namba D au E yanayouzwa na wamiliki wake, na kodi ya kuyaingiza ilishalipwa miaka iliyopita. Bei zake hata hivyo hupanda kila kodi ya magari yanayoingia inapopanda, kwa sababu muuzaji hutazama gharama ya kupata jingine. Katika soko hili mnunuzi mwenye fedha mkononi hunufaika akinunua kabla habari haijawa ya kila kijiwe. Magari ya namba za Burundi na Kongo yanayoonekana Kigoma na Ujiji ni jambo tofauti kabisa, kwani gari lililoingia kwa kibali cha muda au kwa kupita njia halijalipiwa kodi Tanzania, na uanachama wa nchi hizo katika Jumuiya haulifanyi kuwa limelipiwa. Bei yake ya chini ni deni la forodha ambalo bado halijapata mwenyewe.

Kwa aliyeamua kuagiza, kinachobaki ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 31 Desemba. Ofisi na benki hupungua kasi tangu wiki ya Krismasi, kwa hiyo tamko linapaswa kuwa tayari katikati ya Desemba. Meli inahitaji wiki nne hadi sita, na kabla yake ukaguzi na kusubiri nafasi melini huchukua wiki kadhaa, hivyo agizo la kuanzia katikati ya Oktoba ni la kubahatisha, na la Septemba ndilo lenye usalama. Hesabu hiyo inawahusu kwa namna ya pekee wapenzi wa Toyota IST, gari ambalo uundaji wake ulikoma mwaka 2016: magari ya mwaka huo wa mwisho yanabaki katika asilimia 15 hadi mwisho wa 2026, na kuanzia tarehe 1 Januari 2027, viwango vikiendelea kuwa vilevile, hakutakuwa na IST hata moja duniani itakayoweza kuingizwa Tanzania kwa chini ya asilimia 30 ya uchakavu.